Malalamiko: Hakuna

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililichukua siku niliyostaafu. Ni la zamu, lile tulilokuwa tukiandikia hali ya vyumba, na kila ukurasa una sehemu yake ya tarehe na, chini kabisa, mstari wa malalamiko ya mgeni. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli kubwa, na sikuwahi kwenda nyumbani bila kuujaza mstari ule. Leo nalifungua tena kwa sababu napokea mgeni mkubwa kuliko wote. Baba anakuja Jumatano.

Nyumba yake imepasuka ukuta wa nyuma, na mwashi amesema haivuki masika mengine. Mwaka jana alianguka bafuni akiwa peke yake, akakaa sakafuni tangu alfajiri hadi saa sita mchana, jirani alipokuja kuazima msumeno. Alitusimulia kama kichekesho. Mdogo wangu alicheka, mimi sikucheka. Sasa amekubali kukaa kwangu masika haya tu. "Mvua zikikatika," alisema, "nitaamua." Maana rafiki yake mmoja, fundi saa, ana chumba cha kupangisha juu ya duka lake, na kukifikia ni kupanda ngazi kumi na mbili. Ngazi kumi na mbili, kwa mtu wa miaka themanini na mbili. Kwa hiyo nina msimu mmoja wa mvua wa kumfanya asizitamani ngazi hizo.

Chumba kiko tayari. Shuka nyeupe nimezipiga pasi na kuzibana chini ya godoro mpaka ukidondosha sarafu inaruka. Mito minne. Sabuni mpya katika karatasi yake. Taulo nimelikunja umbo la bata, shingo imesimama, nikalikalisha katikati ya kitanda. Mume wangu ni kinyozi, kwa hiyo ana maoni juu ya kila kitu. Alisimama mlangoni akatazama kwa muda.

"Meneja," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "huyo bata anataga?"

Nikamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Akasema yeye ni mwenyeji wa miaka ishirini na sita, na vidole vyake vya miguu bado havijapona kwa jinsi ninavyobana shuka.

Jumatano, 5 Machi

Amefika pamoja na mvua. Begi moja, na sanduku lake la vifaa vya useremala, limefungwa kamba mizunguko minne. Alifanya kazi ya useremala miaka hamsini, na nusu ya milango ya mtaa tuliokulia aliitia yeye. Nilipomwonyesha chumba alivua kofia kwanza, kama mtu anayeingia ofisini kwa mkubwa.

"Na huyu?" akauliza, akimnyooshea bata kidole.

"Ni taulo, Baba."

"Ahaa." Akamtazama tena. "Nashukuru, mwanangu. Kila kitu ni kizuri."

Sanduku akalisukuma mvunguni bila kulifungua. Begi akaliweka karibu na mlango.

Malalamiko: hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Bata yuko palepale. Baba ameoga na kujifutia shati lake la jana. Usiku alilala juu ya tandiko, hakuingia ndani ya shuka. Nimejua kwa sababu kingo zilikuwa bado zimebanwa kwa mkono wangu, na mkono wangu naujua. Nikamuuliza amelalaje. Akasema kila kitu ni kizuri.

Malalamiko: hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Baba amepiga hodi kuingia sebuleni. Mlango ulikuwa wazi na sote tulikuwa tunamwona.

Jumatano, 12 Machi

Ameniuliza kama saa hizi inaruhusiwa kuchemsha maji. Nikamwambia, Baba, usiguse kitu, kaa upumzike, nitakuletea. Nikamletea kwenye sinia na kitambaa chake. Alishukuru.

Malalamiko: hakuna.

Jumamosi, 15 Machi

Kitinda mimba wetu amekuja kumchukua Baba ashinde kwake. Huyu ni mdogo wangu wa mwisho, dereva wa lori la mchanga, ana watoto wanne katika nyumba ya vyumba viwili, na kama ningekuwa mkaguzi ningeifunga nyumba hiyo kabla ya chakula cha mchana. Hana hata nafasi ya kumlaza Baba. Jioni wamerudi. Baba ana unga wa mbao kwenye suruali, kucha nyeusi, na anaimba kwa pua. Chakula changu hakukigusa kwa sababu amekula sahani mbili huko.

"Mlikula nini, Baba?"

"Maharage. Yaliungua," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifia.

Jumanne, 18 Machi

Nimeongeza mto wa tano, maua mezani, na kadi ndogo yenye saa za milo ili asipate taabu ya kuuliza. Mume wangu aliisoma akasema, "Weka na bei." Baba naye aliisoma mara mbili. Tangu hapo anafika mezani kwa dakika ileile iliyoandikwa, amechana nywele, na anasimama nyuma ya kiti mpaka akaribishwe.

Malalamiko: hakuna. Naanza kuuchukia mstari huu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimekwenda mwenyewe kwa Kitinda mimba. Nilibeba keki ili nisionekane nimekwenda kupeleleza, lakini nilikwenda kupeleleza.

Nimemkuta Baba uani, chini ya ukingo wa bati, amekalia kreti la soda. Mbele yake kiti kimelala chali kama kuku, kina miguu mitatu. Wajukuu wawili wanamshikia misumari, wa tatu anamshikia kofia, wa nne yuko juu ya begi langu. Bomba linadondoka. Nguo zimeanikwa sebuleni kwa ajili ya mvua, mtu anapita katikati ya suruali akitafuta pa kukaa. Hakuna aliyenikaribisha. Wifi yangu alinipa huyo wa begi nimshike, akaenda zake jikoni.

Kisha akaleta chai. Baba akaonja, akakitazama kikombe kwa ndani.

"Hii chai mmeichuja kwa soksi?"

"Ya kwako, Baba," wifi akamjibu bila kusimama. "Ile uliyovaa jana."

Baba alicheka mpaka akakohoa, na mjukuu akampiga mgongoni kwa kofia. Akaendelea. Kreti linamuumiza makalio. Misumari waliyonunua ni laini kama tambi. Mwanawe mwenyewe, dereva mzima, anamwekea mzee kiti cha miguu mitatu, hana haya. Alilalamika saa nzima, na uso wake ulikuwa uso wa Baba ninayemjua tangu utotoni.

Mimi birika ninalipasha moto kwanza. Majani ninayapima kwa kijiko. Hakuna siku amewahi kuniuliza habari za soksi. Nimerudi nyumbani nimevimba, na nimemwambia mume wangu kwamba nyumba ya Kitinda mimba ni hatari kwa afya. Nilimwonea wivu ndugu yangu, na huo ndio ukweli.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua siku ya nne. Baba amekaa dirishani. "Hizi zinakatika lini?" ameuliza. Kama mtu anayesubiri gari.

Alasiri fundi saa alikuja kumtembelea. Ni mtu mpole, aliwahi kumtengenezea mume wangu saa asichukue hata senti, na leo sikutaka kumwona. Niliwaletea chai katika vikombe vya wageni, nikavitua mezani hadi visahani vikalia. Alipoondoka Baba hakunificha. "Anasema chumba bado hakijapata mtu," akasema. "Nami nimemwambia asubiri mvua."

Sikula jioni. Kila nikifumba macho naziona zile ngazi.

Jumatano, 2 Aprili

Ngoja niandike jambo ambalo kila mfanyakazi wa hoteli analijua. Mgeni anayelalamika, kwamba mto ni mgumu, maji ni baridi, chumba cha jirani kina kelele, huyo atarudi mwakani na ataomba chumba kilekile. Mgeni anayesema kila kitu ni kizuri, huku amekunja shuka zake mwenyewe na kuacha ufunguo mezani, huyo humwoni tena. Nimewafundisha wasichana wengi jambo hili. Ni juzi tu nimegundua kwamba nalijua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilitangulia kwa Kitinda mimba asubuhi kumpelekea mkate. Nyuma ya nyumba nikasikia kitu kinagongwa. Nikazunguka. Mdogo wangu amechuchumaa na jiwe mkononi, anapiga mguu wa kiti, kilekile ambacho Baba alikitengeneza Jumamosi iliyopita.

"Dada. Umekuja mapema."

"Unafanya nini?"

"Naandaa chumba cha mgeni," akasema, akapiga tena. Mguu ukatoka. Akaupangusa vizuri, akauweka kando ya kiti. "Hiki kimevunjika mara nne tangu mvua zianze. Mzee anasema mbao za siku hizi hazina adabu."

Nikamwambia aone aibu, kumhangaisha mzee wa themanini na mbili. Hakukasirika. Yeye hakasiriki, ndiyo maana tumegombana maisha yetu yote.

"Dada, kwako hakuna kilichovunjika. Mzee akifika kwako anashika nini? Sinia?" Akasimama, magoti yakalia. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mwezi mzima unampa mto."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilimshikia kiti akapiga na mguu wa pili. Miaka yote nimesema mdogo wangu hajui kutunza nyumba.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechukua bisibisi nikalegeza bawaba ya kabati la jikoni. Nilichungulia mlangoni mara mbili kana kwamba naiba. Mlango uliponing'inia nikaita, "Baba, hebu njoo uone."

Akaja, akaona. "Pole, mwanangu," akasema. "Muite fundi." Akarudi chumbani kwake.

Malalamiko: hakuna.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeharibu mtoto wa meza ya kulia, akivutwa anatoka mzima mzima. Baba amemvuta, akamrudisha polepole kwa vidole viwili, akatazama pembeni. Mgeni hakosoi meza ya watu. Wageni wenye adabu ni mzigo.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeng'oa kitasa cha bafuni. Baba alikuwa ametoka, na mume wangu amefungiwa humo dakika arobaini huku mteja anamsubiri dukani, hapo mbele ya nyumba, na nusu ya kichwa imenyolewa. Anasema nyumba yetu imezeeka ghafla. Nimempa pole.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nitaandika kirefu, hata mkono ukiuma.

Mpango ulikuwa mzuri. Kuna kiti cha pembeni ambacho hakuna anayekikalia. Asubuhi nilikata mguu wake mmoja kwa msumeno, nusu tu, ili baada ya kula nimwonyeshe Baba, na safari hii nimwombe waziwazi, kama mtoto anavyomwomba baba yake. Nilikuwa nimeyapanga hadi maneno. Nikapika supu. Nikatandika kitambaa cheupe.

Mume wangu akaja na fulana mbili alizoanua, akaziweka juu ya kiti chake, akasema atazikunja akishiba. Akavuta kiti cha pembeni. Niliona. Nilifungua mdomo. Lakini Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akisubiri kukaribishwa, na ulimi wangu wa hotelini ukasema, "Karibuni," badala ya kusema, "Usikae."

Akakaa. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea, hata nikadhani nimekata vibaya. Kisha mume wangu akashuka. Hakuanguka kwa ghafla, alishuka taratibu na bakuli lake mikononi, akinitazama usoni kwa mshangao, mpaka akapotea chini ya meza. Supu haikumfuata. Supu ilikuja kwetu. Ilinirukia, ikafunika kitambaa, ikamwagikia shati la Baba na maua pia.

Baba alipiga magoti, magoti yale yale anayonificha kwamba yanamuuma. "Umeumia?"

"Heshima tu, Mzee," mume wangu akajibu kutoka chini.

Baba akaokota mguu wa kiti. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta supu, akaivaa. Akauelekeza mguu dirishani kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye mkato.

"Hiki hakikuvunjika. Kimekatwa. Na aliyekata anatumia mkono wa kushoto."

Katika nyumba hii mwenye mkono wa kushoto ni mmoja, na wakati huo mkono huo ulikuwa umeshika upawa. Kichwa cha mume wangu kikachomoza taratibu juu ya meza. "Kitasa cha bafuni," akasema. "Meneja. Dakika arobaini." Siku za mwizi ni arobaini, zangu hazikufika hata kumi.

"Kwa nini, mama?" Baba akaniuliza. Huniita mama anapokuwa hachezi.

Nimepokea mabosi walevi, maharusi waliogombana, na bwana mmoja aliyefuga kasa kwenye sinki, na wote niliwatabasamia. Leo nililia nimeshika upawa.

"Kwa Kitinda mimba unagombana na chai," nikasema. "Kwangu unashukuru tu. Unashukuru, unashukuru, na begi liko mlangoni. Mvua zitakatika, utakwenda kwenye zile ngazi, utaanguka, na safari hii hakuna atakayekuja kuazima msumeno. Mimi sitaki uwe mgeni wangu, Baba. Nataka ubaki."

Supu ilikuwa ikidondoka toka mezani.

"Ulinipokea kama waziri," akasema mwishoni. "Nikaogopa kuvuruga shuka. Mtu anayeogopa shuka atalalaje?" Akautazama tena ule mguu. "Na mdogo wako anatumia jiwe. Alama za jiwe nazijua tangu kiti cha kwanza. Nimezaa wahalifu wawili." Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Lakini yule angalau anavunja sawasawa. Wewe unakata vibaya sana."

"Najua."

"Mtoto wa seremala."

"Najua, Baba."

Akaondoka kwenda chumbani. Nikafikiri anakwenda kuchukua begi. Nikasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni, sakafu ninayoing'arisha kila Ijumaa, na sijawahi kufurahia mkwaruzo namna ile. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Baba alikuwa ameinama. Alitoka na sanduku, kamba imeshafunguliwa, iko begani kwake.

"Nipe mahali pa kufanyia kazi."

"Barazani," nikasema. Baraza naipiga deki mara mbili kwa siku. Neno lilinitoka kwa shida.

Hakusema atabaki, nami sikuthubutu kumuuliza tena.

Malalamiko: amesema nakata vibaya. Sijui kama hilo linahesabika.

Jumatatu, 21 Aprili

Unga wa mbao sebuleni. Unga wa mbao kwenye sukari. Nimejikaza kisabuni. Nimeondoa mito mitatu, kadi na maua. Bata nimemkunjua kwa mikono yangu, na Baba amejifutia.

Jumanne, 29 Aprili

Ameshamaliza kila nilichoharibu, sasa anatengeneza vizima. Amepunguza urefu wa kigoda changu cha jikoni bila kuniuliza. Anasema miaka yote nimekaa vibaya. Kusema kweli mgongo hauniumi tena.

Begi bado liko mlangoni.

Jumapili, 4 Mei

Manyunyu tu. Kitinda mimba na jeshi lake wameshinda hapa. Mtoto amechora dubwana ukutani, sebuleni, kwa kalamu ya seremala. Nilichukua kitambaa nifute, nikakirudisha. Mdogo wangu aliona. Akaniongezea chai. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni, na yeye ndiye aliyeniongezea chai.

Alhamisi, 8 Mei

Leo hakuna hata tone.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zimekatika. Siku ya tano jua linawaka, kila mtu mtaani ameanika godoro. Asubuhi Baba alikunywa chai, akavaa kofia, akachukua begi lake pale mlangoni.

"Nakwenda kwa fundi saa," akasema. Akaondoka.

Niliingia chumbani kwake. Kitanda hakijatandikwa. Nilikaa juu yake bila kukigusa, mimi ambaye sijawahi kupita kitanda kilichovurugika, kwa sababu nilihofu nikikitandika kitakuwa chumba kitupu. Mume wangu alifunga duka mapema akaja kukaa nami. Hakutia mzaha hata mmoja. Nikajua naye anaogopa.

Saa kumi mlango wa jikoni ukafunguka. Hakupiga hodi. Nikasikia viatu juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki, kisha kitu kizito kikatuliwa juu ya meza yangu ya kukandia unga. Tulipofika jikoni Baba alikuwa akitoa vitu ndani ya begi na kuvipanga: randa mbili, patasi, jiliwa la chuma la kubania mbao. Alikuwa ameviweka kwa rafiki yake tangu ukuta wake upasuke, kwa sababu hakujua angevipeleka wapi. Nguo zake alikuwa ameziacha mvunguni, mahali pa sanduku.

"Nimemwambia yule bwana ngazi zake hazina vipimo," akasema. "Hakuna inayolingana na mwenziwe. Mtu atavunjika shingo. Chai iko wapi?"

Nikamimina. Akaonja, akakitazama kikombe kwa ndani.

Malalamiko: chai ni nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Mito miwili bado ni mingi, mtu ana kichwa kimoja. Shuka zinabanwa mno, na mume wangu ameomba aandikwe kuwa shahidi. Redio ya asubuhi iko juu. Mlango wa bafuni unalia, na safari hii si mimi. Meza ya kukandia imekaa upande, kesho ataikata miguu, asisikie neno langu. Baraza ni ndogo. Mstari umejaa, nimeandika pembeni, na pembeni pia pamejaa. Sasa ananiita toka barazani. Anasema niache kuandika, chai ya pili nayo imepoa.